Trekta la Mtani: Kutoka Turiani Hadi Kiroka

Wenzangu wa wodini, niliostaafu nanyi na tunaoendelea kusumbuana kwenye simu, kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake ilikuwaje nikaonekana Msamvu nimekaa juu ya madigadi ya trekta, kanga kichwani, nimejaa vumbi kama gunia la saruji. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, someni, halafu mniache nilime.

Chanzo mnakijua nusu. Mama yangu aliniachia shamba la mpunga bondeni Kiroka. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na msimamizi wake sasa ni kaka yangu Salum, mjomba wa watoto wangu. Misimu miwili mfululizo vibarua walinikimbia na shamba likaota matete. Salum hana roho mbaya, ila ukoo una vijana wasio na pa kulima, na ardhi ya ukoo hailazwi bure. Aliniambia bila kuzunguka kwamba masika haya likilala tena atampa Hamisi, mtoto wa marehemu dada yetu. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Lakini nilipofika nyumbani nililia, maana lile shamba ndilo lililonisomesha uuguzi, na nilikuwa nimepanga kuzeekea pale.

Nikaamua kununua trekta dogo. Wengi walinishauri pawatila. Pawatila ni ya kutembea nyuma yake topeni kutwa nzima, na magoti yangu yalishasema imetosha. Mimi nilitaka chombo cha kukalia, kitakachonizika mimi kabla sijakizika chenyewe, kwa sababu kiinua mgongo hakitoki mara mbili.

Kilakala hadi mjini

Safari yenyewe ilianza na ugomvi mdogo. Mume wangu Kibwana, dereva wa malori mstaafu, alitaka trekta kubwa lenye kibanda na kioo. Nilimuuliza atalipitisha wapi katika majaruba ya Kiroka. Akasema tutapanua njia. Nikamwambia njia ile ina makaburi ya bibi zangu pande zote mbili, aanze na lipi. Akachukua kofia yake, tukatoka Kilakala kwenda mjini.

Mjini tuliingia kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi ambaye baba yake aliwauzia wazazi wetu majembe ya mkono. Alikuwa na trekta jipya dirishani, linang'aa. Kibwana alilizunguka kama mtu anayetafuta kiatu cha pili. Mwenye duka alituagizia chai ya maziwa, akatuacha tuinywe, kisha akasema, "Mama, mimi ni muuzaji na sipaswi kusema hivi. Hili spea zake sina. Likiharibika unasubiri meli." Alitushauri tutafute la Kijapani lililotumika, lile ambalo vipuri vyake vimejaa kila duka la mji huu. Ukitaka la namna hiyo, alisema, nenda kwa wakulima wa mpunga na miwa, Turiani.

Mjini hadi Turiani

Kosta iliondoka Msamvu ikiwa imejaa, ikasimama Mkundi kujaa tena. Dakawa tulikaa muda mrefu kwa sababu dereva alishuka kununua mchele, akamkuta shemeji yake, wakaanza kusuluhisha jambo la harusi. Abiria waligawanyika katika makundi mawili, wanaomtukana na wanaochangia mawazo kuhusu harusi. Mimi nilikula mahindi ya kuchoma. Magole tukakata kulia, na kadiri tulivyosogea miwa ikawa mingi na maongezi yakawa machache.

Turiani nilifanya kosa moja. Nilivaa miwani yangu ya kusomea na kubeba mkoba mweusi wa kazini, nikawa nauliza kila ninayemkuta nani ana trekta, analilimia nini, limekaa naye kwa muda gani. Mama mmoja muuza vitumbua akatukaribisha kwake kwa heshima kubwa. Tukaletewa wali, kuku wa kienyeji na mchicha wa nazi. Nilishangaa ukarimu huo, nikala vizuri. Baadaye wakaanza kuingia majirani, mmoja mmoja, kila mtu akieleza ukubwa wa shamba lake na shida zake. Mzee mmoja alisema yeye ni mwaminifu na anaweza kuleta wadhamini. Hapo ndipo nilipoelewa: walidhani nimetoka serikalini kugawa mikopo ya matrekta.

Niliona haya mpaka masikio yakawasha. Nikawaambia ukweli, kwamba mimi ni muuguzi mstaafu na trekta ninalitafuta mwenyewe. Yule mama akamtazama Kibwana, ambaye bado alikuwa na paja la kuku mkononi, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. "Kuku ameshaliwa, hawezi kurudi bandani," akasema. Kisha akatuelekeza kwa Mzee Maganga, Mnyamwezi aliyekuja zamani kukata miwa akalowea, mwenye trekta dogo jekundu ambalo alisikia linauzwa.

Uani kwa Mzee Maganga

Tulimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya banda la mabati, shuka limemfunika kuanzia kiunoni, trekta liko mbele yake. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia vizuri, akauliza kabila. Nilipomwambia mimi Mluguru wa Kiroka, uso wake ukabadilika, na wangu pia, kwa sababu sote wawili tulijua kilichofuata. Mnyamwezi na Mluguru ni watani tangu enzi za misafara.

"Basi irudishe hiyo shikamoo," alisema. "Babu zangu walipita kwenu na mizigo kichwani, mkawauzia ndizi mbichi."

Nikamwambia babu zake hawakulalamika, walizila na maganda.

Ikawa hivyo mchana kutwa. Kibwana, ambaye akiwa na injini hasikii la mtu, alifungua kofia ya oili akaangalia kama ndani kuna utelezi mweupe, dalili ya maji kuingia kwenye oili, akashika injini kuhakikisha haikuwashwa kabla hatujafika, ndipo akaliwasha likiwa baridi. Liliitika mara moja. Moshi ulitoka kidogo, ukaisha. Mimi nilipanda kwenye kiti nikakaa, nikanyanyua mguu na kuushusha, nikaangalia kama goti linalalamika. Halikulalamika. Niliuliza kiti kinasogezwa vipi, na ukishuka unashika wapi. Mzee Maganga alinitazama muda mrefu wakati nauliza hayo.

Kibwana akamuuliza lina ugonjwa gani. Mzee akajibu, "Hili ni kama mke wa Kiluguru. Tumbo likishuka nusu linagoma katikati ya safari, na haliinuki mpaka ulibembeleze kooni." Tulicheka. Nikamwambia ndiyo maana wanaume wa Kinyamwezi wanakuja kuoa kwetu, kwao hakuna wa kubembelezwa.

Kisha nikamuuliza mimi kwa nini anauza chombo kizima namna ile. Akasema, "Mguu wa kushoto hospitali wanautaka. Klachi nitaikanyaga na nini?"

Nikamjibu, "Wakate na ulimi, kijiji kipumzike."

Watu wote uani walicheka, na yeye kuliko wote, akipiga goti lake kwa kiganja. Binti yake Kulwa peke yake hakucheka. Aliweka chini sinia la chai akaingia ndani. Nilimwona, nikadhani ni katika wale watu wasiopenda utani.

Bei tulipatana. Kibwana alishughulikia mengine yote nami siyaelezi, yanachosha.

Turiani kuelekea Magole

Tulilala nyumba ya wageni, asubuhi tukaondoka. Kibwana alishika usukani, mimi nikakaa kwenye madigadi na mto wa sponji tulioununua sokoni. Trekta dogo barabarani halina haraka. Malori ya miwa yalitupita yakatuachia makapi usoni. Watoto waliokuwa wanakwenda shule walitembea sambamba nasi wakituuliza maswali, na tulipowaaga ni wao waliotuacha. Kibwana alikuwa na furaha ambayo sikuiona tangu alipokabidhi lori la mwisho. Nami nilifurahi. Nilianza hata kupanga nitapanda mbegu gani.

Tukiwa mahali pasipo na nyumba, injini ilikohoa, ikashuka sauti, ikazima.

Kibwana alifungua chujio la dizeli, akalisafisha, akalirudisha. Likawaka, likazima. Akafungua tena. Alipita mwendesha baiskeli akasema ni betri. Akapita mwingine akasema ni pampu, tumekwisha. Mwanamke mmoja aliyekuwa analima kando ya barabara alituletea mihogo ya kuchemsha na chumvi kwenye jani, akasimama akitazama, akauliza tumelinunua kwa nani. Tulipomwambia ni kwa Mzee Maganga, nami ni wa Kiroka, akasema, "Kwa Mnyamwezi? Na wewe Mluguru? Amekutania mpaka kwenye trekta." Alisema kwa kuchangamsha, lakini kwangu liliingia vibaya. Niliona nimeuziwa mzoga. Niliona matete ya Kiroka yakipita kichwa changu, na Hamisi akiyafyeka. Jua lilikuwa kali, na nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo hata kwa daktari.

Nikapiga simu. Alipokea Kulwa. Sikumsalimia vizuri, nilianza moja kwa moja kwamba nataka kuongea na baba yake, na trekta lake limezima porini.

"Baba hayupo," akasema. "Tumemleta hospitali alfajiri. Wanamkata mguu."

Nikauliza mguu gani, kama mjinga.

"Si alikwambia, mama."

Nikakaa chini kwenye majani. Kibwana aliniuliza kuna nini, nikamwambia narudi Turiani.

Kurudi Turiani

Nilichukua bodaboda hadi hospitali, nikamwacha Kibwana na trekta na mihogo yake. Mzee Maganga alikuwa bado hajaingizwa chumba cha upasuaji. Alilala ubavu, amevaa gauni la hospitali lililomzidi. Mikono yangu ilifunua shuka kabla sijafikiri, kwa mazoea ya kazi. Vidole vilikuwa vyeusi na weusi ulikuwa umepanda. Harufu ile nimeifahamu maisha yangu yote ya kazi. Siku iliyotangulia nilikaa karibu nayo mchana kutwa, nikanusa dizeli tu, kwa sababu nilikuwa nacheka. Jambo hilo limeniuma na linaniuma hadi leo.

Alinitazama akasema, "Umerudisha maiti?"

Nikamwambia limezima.

"Dizeli imefika wapi?"

Nikasema Kibwana aliangalia, ni chini kidogo ya nusu.

"Nilikuambia nini?" Akanieleza polepole. Bomba linalovuta dizeli ndani ya tanki lina ufa katikati. Mafuta yakiwa juu ya ufa, trekta litalima mpaka mwisho wa dunia. Yakishuka chini yake, linavuta hewa. Unajaza, unatoa hewa kwenye skrubu iliyo shingoni mwa chujio, ndilo koo la kubembeleza, unakwenda zako. Yeye hakulitengeneza kwa sababu alizoea kujaza kila asubuhi. Bomba lenyewe ni kitu kidogo, alisema, maduka ya mjini yote wanalo.

Nikamuuliza kwa nini hakusema kama mtu mzima.

"Nilisema. Wewe ndiye uliyecheka."

"Na mguu?"

"Nao nilisema." Akalivuta shuka lifunike vidole. "Nimewaambia watu wawili tu. Kulwa, kwa kuwa ndiye anayenifunga vidonda. Na wewe. Mtu wa umri wangu nitaanzia wapi kumwambia mgeni kuwa naogopa? Kwa mtani inatoka yenyewe."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikamshika mkono. Aliniambia walikuja wanunuzi wengine kabla yetu, wakaangalia injini tu, walitaka kulikata wauze vipuri, akawafukuza. Nilipoanza kuuliza habari za kiti akajua huyu anataka kulima. Kisha akaniambia madaktari wamekubali kumwachia ulimi. Alisubiri nicheke. Nilijitahidi, ikatoka sauti ya ajabu.

Walipokuja kumchukua niligombana kidogo na muuguzi mmoja kijana kuhusu jinsi alivyofunga kidonda. Alikuwa amekosea, nami nilihitaji mtu wa kugombana naye. Nilisubiri na Kulwa mpaka tukaambiwa baba yake ametoka salama, bado amelala. Ndipo nikanunua dumu la dizeli nikarudi.

Magole, Dakawa, mjini

Kibwana alijaza, akalegeza ile skrubu, mapovu yakatoka, dizeli safi ikafuata, akakaza. Liliwaka kama vile halikuwahi kutusumbua. Yule mwanamke wa mihogo alipiga vigelegele akarudi kwenye jembe lake.

Dakawa tulilala, tukala wali na kambare katika mgahawa ambao mpishi wake alikuwa akimgombeza kila mteja kwa kuchelewa. Asubuhi, darajani Wami, askari wa barabarani alitusimamisha. Alizunguka trekta, akamwuliza Kibwana kwa upole kama huyu mama amepakiwa kisheria. Kibwana akamwambia mama ndiye mwenye trekta, yeye ndiye aliyepakiwa. Askari alifikiria, akaturuhusu kwa sharti nishuke nipande gari. Nilishuka, nikapanda kosta hadi njia panda ya Mkundi, nikamsubiri Kibwana chini ya kibanda cha muuza nyanya, nikapanda tena. Ndipo mkaniona Msamvu, na mmoja wenu akapiga picha badala ya kusalimia. Namjua.

Bomba lilipatikana katika duka la kwanza tuliloingia. Kibwana alilibadilisha mwenyewe uani kwetu Kilakala huku majirani wakishauri.

Kiroka

Tulipita Bigwa asubuhi, tukafika Kiroka umande haujakauka. Kibwana alilifikisha hadi kwenye jaruba la kwanza, akashuka akishika kiuno. Kiuno chake hakipatani na matuta, tulilijua hilo tangu mwanzo, na ndiyo sababu nilikikagua kile kiti. Alinifundisha kwa maneno machache na kelele nyingi. Jaruba la kwanza nililima kama mlevi. La pili likanyooka. Matete yaliingia chini ya rotaveta, lile jembe la kuzunguka lililokuja na trekta, yakatoka tope jeusi, na yangeyange wakaanza kushuka nyuma yangu kuokota wadudu.

Kaka Salum alikuja wakati nimebakiza kipande cha mwisho. Alisimama kwenye tuta na fimbo yake. Nilipomaliza na kusimamisha trekta alishuka, akavua viatu, akatembea ndani ya tope kutoka upande mmoja hadi mwingine kama anavyofanya anapokagua mipaka. Kisha akatoa simu akampigia Hamisi mbele yangu. "Tafuta pengine," alimwambia. "Hapa mama yako mkubwa ameshalima." Akanisikiliza pia mimi, nilipomwambia kwamba Hamisi akipewa kipande popote pale bondeni nitakwenda kumlimia. Akaitikia kwa kichwa, akavaa viatu, akaondoka.

Nilikuwa bado kwenye kiti. Nilimpigia Mzee Maganga. Alipokea mwenyewe, sauti imepungua. Alisubiri nianze utani, kama inavyopaswa. Njia nzima kutoka mjini nilikuwa nimeandaa matusi mazuri ya kumtania, hata moja halikuja.

"Kaka," nikasema, "shamba limelimika lote. Salum ameniachia."

Akauliza kama nimeshashuka. Nikamwambia bado.

"Usishuke kwanza," akasema. "Liache lingurume kidogo nilisikie."

Nikaiweka simu juu ya boneti. Kibwana alikuja kuuliza kwa nini nachoma dizeli bure wakati kazi imeisha. Nilimwonyesha kwa mkono anyamaze, naye akasimama pale topeni, tukasikiliza wote watatu.